Unga wa Kabla ya Dozi

Mwenzangu wa kazini aliamini mambo mengi, na mengi yao alikuwa ameshatueleza kabla ya chai ya saa nne. Tulifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kusaga mahindi upande wa Pasiansi, yeye akiwa mtu wa mashine na mimi mpimaji wa unga, na kila asubuhi alikuja na habari aliyoipata kwenye simu. Mawe ya Mwanza, alisema, hayakukaa vile kwa bahati. Kuna watu waliyapanga ili kuficha kitu chini yake. Mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, wageni wanayagombania kwa sababu yanashonewa mavazi ya askari yasiyopenya risasi. Hata lile wingu jeusi la wadudu linaloinuka ziwani, ambalo kila mtoto wa hapa anajua kulifungia mdomo linapopita, aliniambia si wadudu. Nikamjibu kwamba jana mmoja wao alitumbukia kwenye chai yangu, nikamtoa na kijiko, na alikuwa na mabawa. Akanitazama kwa huruma.

"Dada," akasema, "ndivyo wanavyotaka uone."

Nilimpenda, niseme tu. Alikuwa mchapakazi, hakuwa mchoyo wa karanga zake, na mashine ikigoma aliitegea sikio kwanza, akaigusa mahali pamoja, ikawaka. Ndiyo maana alinikera zaidi. Ujinga wa mjinga naweza kuishi nao, lakini ujinga wa mtu mwenye akili hunipandisha shinikizo la damu, na mimi nina hasira za karibu tangu nizaliwe.

Lililonikera kuliko yote lilikuwa la unga wenyewe. Kiwanda chetu kinaongeza virutubishi kwenye sembe, madini ya chuma na vinginevyo, hasa kwa ajili ya watoto na wajawazito. Vinaingizwa na kijimashine kilichofungwa juu ya mkondo wa unga, na sisi tulikiita dozi. Kazi yangu ilikuwa kutandaza unga kidogo, kuudondoshea dawa ya kupimia na kuangalia kama unatoa vidoa vyekundu, kwa maana vikitokea ujue madini ya chuma yamo. Mwenzangu alipenda kuja kusimama nyuma yangu wakati wa shughuli hiyo.

"Unga unatoka damu," alikuwa akisema, "na wewe unasema uko sawa."

Imani yake ilikuwa kwamba dozi inakausha uzazi. Hakuwa peke yake. Alikuwa na kundi zima kwenye simu, wakijiita Walioamka, na kweli walikuwa wanaamka, maana sauti zao zilianza kuingia kabla ya jogoo. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Nilimwonyesha makaratasi, akasema makaratasi yameandikwa na wao. Nilimwambia mimi naula kila siku, akasema mimi nimeshazaa wangu wakatosha, kwa hiyo kwangu hakuna tena kitu cha kukausha. Hapo alinishinda, nikaondoka na kikombe changu.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo mzaha wangu ulikoma. Mwenzangu alikuwa na binti mmoja, na baada ya binti huyo miaka ilikuwa inapita bila mtoto mwingine. Hospitali waliambiwa hawana tatizo, wavute subira. Sasa mtu mwambie hana tatizo na bado hapati anachokitaka; atalitafuta tatizo mwenyewe. Yeye aliingia kiwandani muda mfupi baada ya binti kuzaliwa, na huo ndio wakati familia yake ilipoanza kula sembe ya posho. Kwake hesabu ilikuwa imeshajijibu.

Posho ni mfuko wa unga anaopewa kila mfanyakazi mwisho wa mwezi. Mwenzangu akaamua kwamba hatachukua tena mfuko wenye lebo ya kiwanda, atachukua unga wa asubuhi. Mashine ikiwashwa alfajiri, unga wa kwanza kutoka ni wa kusafishia njia. Unabeba vumbi, makapi ya jana na vidudu vilivyokuwa vimelala humo, na kwa kuwa hauliwi na binadamu, dozi inakuwa bado haijafunguliwa. Unakingwa pembeni, wanachukua wafuga kuku. Unga huo ndio mwenzangu alioujaza kwenye kiroba chake cheupe kisicho na maandishi, akaupeleka nyumbani kwake Buswelu kulisha familia. Aliuita unga wa kabla ya dozi, kwa heshima.

Mkewe tulikuwa tunaimba naye kwaya moja. Ni mwanamke mpole, asiyependa ugomvi, na kwa wiki kadhaa alijitahidi. Siku moja baada ya mazoezi akanifuata nyuma ya kanisa, akanishika mkono.

"Dada, ugali unalia mdomoni," akasema. "Mtoto anatema. Mimi nameza bila kutafuna. Nikimwambia, ananiambia huo ndio uasilia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye meno angefanya. Kila mwisho wa mwezi alikuja kwangu na kiroba cheupe, tukamwaga unga wa mumewe kwenye pipa la kuku wangu, tukakijaza sembe yangu ya posho, yenye dozi na baraka zote za wizara. Kiroba kilirudi Buswelu kimetuna vilevile. Kuku wangu walinenepa, mtoto akarudisha hamu ya kula, na mwenzangu akaanza kutuhubiria kwenye chai.

"Mwanzoni mwili ulikuwa unakataa," alitueleza. "Nilikuwa nasikia mchanga. Sasa ugali unateleza wenyewe. Sumu imetoka."

Mimi macho nilikuwa nayo kwenye kikombe.

Basi mkewe akashika mimba, na wala si mimba ya mtoto mmoja. Kwa Wasukuma mapacha hawasemwi kwa kunong'ona; majina yao yanawasubiri hata kabla hawajazaliwa. Mwenzangu alitembea kiwandani kifua mbele kama aliyeshinda kesi ya kiwanja. Kila aliyekuja kununua unga alisimuliwa. Wapakiaji wakasimuliwa, dereva akasimuliwa, tajiri mwenye kiwanda akasimuliwa ana kwa ana, tena kwa sauti ya kumsamehe.

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa nimebishana na mtu huyu miaka, na sasa nilikuwa na jibu lake lenye mikono minne na miguu minne. Nikaenda kwa mkewe kumwomba ruhusa. Alikuwa ameketi kibarazani, miguu imevimba, akichambua dagaa. Nilipomwambia nataka kumfungua macho mumewe, aliacha dagaa.

"Dada, wewe unamjua wa kazini," akasema. "Mimi namjua wa nyumbani. Ukimwambia tulikula ule wenye dozi, hatasema dozi haina neno. Atasema watoto si wake."

Nilitaka kumwambia haiwezekani. Nikayakumbuka mawe, mabondo na wadudu wenye mabawa, nikavuta ungo nikamsaidia kuchambua. Tangu siku hiyo nilijua kwamba ndoa ya yule mwanamke, na hata baba wa wale watoto, vimekaa juu ya ulimi wangu, na ulimi wangu, ndugu zangu wote watakuambia, si mahali pa kuwekea kitu cha kuvunjika.

Niliuzuia. Aliposema tone moja la dozi ni sawa na talaka, nilitafuna karanga. Aliponigeuzia kidole mbele ya wapakiaji na kusema, "Msomi wetu leo hana swali," nilitafuna karanga nyingine. Mapacha wakazaliwa salama, wavulana wawili wenye masikio ya baba yao, yale yaliyochomoza. Nikajua tumevuka.

Kumbe kilichoharibu hakikuwa ulimi wangu. Ilikuwa ni adabu yangu. Mtu haendi kumwona mzazi mikono mitupu, kwa hiyo nilifunga safari ya Buswelu na sabuni, kitenge na mfuko mpya wa sembe, umeshonwa mdomo, lebo ya kiwanda ikimeremeta. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba ikiwa na mzazi, jikoni hahusiki yeye. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kijijini, mbele ya Bujora, na michembe yake ya viazi vikavu na karanga zake, kumwangalia mkwe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipokea mfuko kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, mama mtu mzima vile, mpaka nikaona aibu.

Kutoka chumbani, katikati ya usingizi na kunyonyesha, mzazi akasema, "Mama, uumimine kwenye kile kiroba cheupe, kama siku zote."

Mama mkwe hakuwa na ubaya na mtu. Ni mama wa kusifia tu. Jioni mwanawe aliporudi, akamwekea ugali na kumwambia habari njema: "Huyu dada wa kazini kwako ni mtu mwema sana. Kaleta unga ule ule anaowaletea siku zote. Tumeumimina kwenye kiloba chako."

Kesho yake mwenzangu alikunywa chai bila kusema neno. Hakusema juu ya mawe, wala juu ya mwezi, wala juu ya mtu yeyote anayejifanya kafa. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilipokuwa nasuuza kikombe akaja kusimama karibu.

"Dada, ule mfuko ni wa kwanza, au kuna mingine?"

Nikamwambia mashine inaita. Mashine ilikuwa imezimwa.

Alikuwa na njia mbili za kufikiri. Ya kwanza ni kwamba unga wenye dozi hauna neno, na yeye miaka yote alikuwa anapigana na hewa. Ya pili ni kwamba dozi inakausha kama alivyosema, yeye ameila bila kujua, kwa hiyo amekauka, kwa hiyo mapacha wana baba mwingine. Baba mwingine yeyote angeikimbilia ile ya kwanza akicheka na kuchinja kuku. Yeye aliichagua ya pili, kwa sababu katika hiyo ya pili alikuwa hajakosea. Mkewe alipomwonyesha masikio ya watoto, alijibu kwamba watu wenye masikio ni wengi.

Mke akaambiwa afungashe arudi kwao, ila kwanza wazee wakae. Jumapili mchana nikaitwa kama shahidi. Sebuleni alikuwepo baba mdogo wa mwenzangu akiwa mwenyekiti, kaka wa mke akiwa amekunja uso, na mama mkwe chini kwenye mkeka na pacha mmoja mapajani, analia kimya kimya kwa sababu alijua ni mdomo wake. Mwenzangu aliketi akitazama ukuta. Mkewe alikaa karibu na mlango akimnyonyesha mwingine. Alikuwa tayari amevaa viatu.

Nilianza na ukweli, Mungu ananiona. Nilieleza madini ya chuma. Nilieleza kwa nini wajawazito wanavihitaji virutubishi. Nilisema nchi imejaa watoto wanaozaliwa na watu wanaokula sembe hiyo, na wengine wako hapo nje wanacheza mpira. Nilieleza vizuri, hata mimi nilijipendeza. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Mwanangu, tunashukuru. Lakini sisi hatukukuitia shule. Ule unga uliokuwa unamletea huyu binti, ulikuwa na dozi au haukuwa nayo?"

Nikamtazama mke. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa ameshakubali, anavuta kanga imfunike mtoto vizuri kwa ajili ya safari. Hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo. Nilimchukia mwenzangu kwa moyo wote, na simu yake, na wote walioamka. Na mimi nikikasirika sana husema uongo mzuri kuliko ukweli wangu.

"Haukuwa nayo," nikasema.

Mwenzangu akaacha kutazama ukuta.

"Mfuko ni wa kiwanda," nikaendelea, "ndani ni unga wa asubuhi. Mimi mwenyewe sili ule mwingine. Nilikuwa namgawia mkeo ninaokula mimi."

"Ulikuwa laini," akasema. Alikuwa anahoji kama mtaalamu. "Wangu ulikuwa na mchanga."

"Wewe unaubeba hivyo hivyo. Mimi nauchekecha mara mbili."

"Na mfuko ulikuwa umeshonwa."

"Kiwandani nani anashona mifuko kama si sisi?"

Akafikiri. Wazee wote walikuwa wanamtazama yeye sasa. "Miaka yote tunabishana," akasema polepole. "Mbele ya watu unanipinga. Kwa nini hukuniambia?"

Sikujua nitasema nini mpaka niliposikia nimesema. "Kaka, na wewe. Mpimaji wa kiwanda atayasema hayo hadharani?"

Nilimwona akibadilika usoni. Hilo lilikuwa ndilo jambo aliloliamini kuliko mawe na mabondo, kwamba wanaojua wamenyamazishwa. Miaka aliwatafuta kwenye simu, kumbe mmoja alikuwa anakunywa naye chai. Akasimama, akaja kunishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Kisha akamchukua mtoto kwenye mapaja ya mama yake na kumweka shingoni, akawa anamnusa. Mkewe akainama akavua viatu, kimoja kimoja. Nilifurahi. Sitaki kusema vingine. Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani.

Jumatatu alimwambia kila mtu kwa siri. Nikaingizwa kwenye kundi la Walioamka bila kuulizwa, na alfajiri ya kwanza nikasikia sauti ya mtu nisiyemjua, yuko Shinyanga huko, akisimulia habari za dada mmoja mpimaji, mcha Mungu, aliyekiri mbele ya wazee. Kabla wiki haijaisha wapakiaji walikuwa wanakuja kazini na viroba vyeupe, wanapanga foleni kwenye mashine alfajiri kabla dozi haijafunguliwa. Wafuga kuku walikuja, wakakuta hakuna kitu.

Tajiri akaniita. "Nasikia wewe huli unga wangu."

"Nakula, tajiri. Njoo nyumbani uone jikoni."

"Basi waambie."

Nikawaambia, kwenye chai, mbele ya wote. Nilisema unga ni salama, naula mimi, wanaula wajukuu zangu. Walinisikiliza kwa adabu kuliko walivyowahi kunisikiliza. Dereva akanikonyeza. Mpakiaji mmoja akasema taratibu, "Tumekuelewa, mama," na mwenzangu akanisogezea karanga zake zote. Tajiri akaamuru unga wa asubuhi ufungiwe stoo, na hiyo ikawa ushahidi mwingine.

Nilijifariji kwa jambo moja. Yule mke alijua. Mimi na yeye tuliumimina unga ule kwa mikono yetu, kwa hiyo ukweli ulikuwa salama kwa watu wawili, na watu wawili wanatosha kucheka.

Alikuja kwangu watoto walipoanza kushika shingo, mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Walikuwa wazuri kupita kiasi. Nikampokea mmoja, nikamwambia mfuko wa mwezi ule uko tayari, tutautafutia namna ya kuufikisha maana mama mkwe bado yupo. Akabaki amesimama.

"Dada, siutaki huo. Nimekuja kukuomba unionyeshe unavyouchekecha."

"Nachekecha nini?"

"Ule wa asubuhi. Mume wangu kautafuta mwingine kwenye mashine ya huko kwetu. Ila una mchanga."

Nilicheka, nikamwambia aache utani. Hakucheka. Nikamkalisha. Nikamwambia polepole, kama ninavyomwambia mtoto, kwamba nilidanganya kwa ajili yake, kwamba sijawahi kuula ule unga wa kuku hata siku moja, kwamba mfuko aliuona yeye, kamba tulikata pamoja, alimimina mwenyewe.

"Mfuko niliuona," akasema. "Kilichokuwa ndani yake mimi sikukiona kikisagwa."

"Unanyonyesha wawili. Damu unaitoa wapi? Unavihitaji hivyo virutubishi kuliko mtu yeyote wa Buswelu."

"Ndiyo maana naogopa." Akamtazama mtoto aliyekuwa mikononi mwangu. "Dada, nilikaa miaka mingapi? Halafu nikala wako, nikapata hawa. Ungekuwa na kitu ndani yake, ningewapata wapi?"

Nikausogeza ule mfuko mpaka miguuni pake. Akamchukua mwanawe, akamfunga vizuri. Mlangoni akageuka, akachungulia nje kama kuna mtu, kisha akanishika bega na kushusha sauti, asije akaniharibia.

"Pole, dada," akasema. "Najua kazi ni kazi."